Mchora Ramani wa Mtaa wa Josho

Usiku wa kuamkia Jumatano, tarehe 4 Juni 2025, katika mtaa huu wetu wa Josho hapa Karatu, ilisikika sauti moja tu, ya rula ya chuma ikianguka kwenye sakafu ya saruji, na jirani yetu mama Sabina, ambaye chumba chake kimepakana na cha marehemu, akaisikia, akajisemea kwamba mama bado anapima, akageukia ukutani akalala, maana kwa miaka tisa alikuwa amezoea kusinzia na sauti za namna hiyo. Hakuna anayemlaumu. Asubuhi, chai aliyomwekea mlangoni ilipopoa bila kuchukuliwa, ndipo tulipojua.

Baba Padri, viongozi wa mtaa, ndugu, majirani na waombolezaji wote, mimi ni mtoto wa mzee Joseph, kaka wa marehemu, nami nimetumwa na familia niwasomee maisha ya shangazi yangu, Laurencia Gwandu.

Alizaliwa tarehe 12 Februari 1956 huko Endamarariek, mtoto wa pili wa mzee Emmanueli Gwandu na mama Katarina, wakulima wa mahindi na maharage, na bibi alikuwa akisimulia kwamba binti huyu akitumwa maji alichelewa kurudi, lakini alijua ni hatua ngapi kutoka mlangoni hadi kisimani. Alisoma shule ya msingi hapo hapo kuanzia mwaka 1964 hadi 1970, akaendelea na sekondari mjini Arusha hadi 1974, kisha akapata mafunzo ya uchoraji ramani Morogoro kuanzia 1975 hadi 1977, katika darasa lililokuwa na wanawake wawili tu.

Tarehe 1 Julai 1977 aliajiriwa katika ofisi ndogo ya upimaji hapa Karatu, na kazi yake kwa miaka thelathini na minane na ushei, hadi alipostaafu tarehe 12 Februari 2016, ilikuwa kupokea karatasi za wapimaji, zenye vumbi na alama za penseli, na kuzinakili kwa wino mweusi, kwa mkono usiotetemeka.

Tarehe 6 Desemba 1980, mahali hapa tulipokaa, ambapo wakati huo palikuwa na josho la ng'ombe na boma moja la Wamasai, aliolewa na kijana wa boma hilo, aliyekuwa msimamizi wa josho, na ng'ombe wa mahari wakaswagwa kwa miguu hadi Endamarariek. Hapa ningepaswa kusoma jina la mume. Sikuweza kuliandika, kwa sababu shangazi hakulitaja mbele yangu hata siku moja. Kijana huyo alifariki kwa homa tarehe 19 Mei 1982, bila mtoto, na kwa desturi ya ukoo wake jina la kijana aliyeondoka bila kuacha mtoto halitajwi tena, tofauti na la mzee mwenye uzao, ambalo huendelea kuitwa. Shangazi alikuwa Mwiraqw na Mkatoliki, desturi hiyo haikuwa yake, lakini aliishika kwa miaka arobaini na mitatu. Wakwe zake walipohamia Enguserosambu na mifugo yao mwaka 1983 walimwita aende nao, akajibu kwamba kazi yake iko hapa, na zaidi ya hapo hakueleza. Hakuolewa tena, wala hakujaliwa mtoto.

Mwaka 1984 iliagizwa ramani ya viwanja vya Josho. Karatasi zilifika mezani kwake zikiwa na majengo ya kudumu pekee, maana agizo lilisema nyumba za miti na samadi zisionyeshwe, naye akanakili alichopewa, viwanja vya mstatili, barabara ya mita kumi na mbili, mistari iliyonyooka, na alipoinua kalamu akaona kwamba kwa mkono wake mwenyewe ameifuta nyumba aliyoolewa. Akaweka sahihi. Ilikuwa kazi.

Nadhani hakuwahi kuinuka kutoka kwenye meza ile. Alipostaafu alianza kutafuta ramani za zamani, akapata mchoro wa mwaka 1937 kwa familia moja iliyofanya kazi mashamba ya kahawa Oldeani, akapata picha iliyopigwa kutoka kwenye ndege mwaka 1958, akaitafuta ramani yake ya 1984, akachapishiwa pia picha ya setilaiti, akazinakili zote kwa kipimo kimoja kwenye karatasi inayopitisha mwanga, akazibandika dirishani moja juu ya nyingine, na mtaa ukaanza kumweleza mambo. Kona ile ya duka la dawa inayowasumbua madereva ni njia ya ng'ombe iliyokwepa mwamba ambao sasa haupo, na maji yanayotuama kila masika uani kwa mama Sabina yamelala juu ya shimo la josho lililofukiwa.

Mwanzoni watu walimkimbia. Alipita na futi kamba na daftari, akiuliza nani aliishi hapa kabla yako, na kabla yake, wakadhani ametumwa kuweka alama ya X nyekundu ya kubomoa nyumba, mama Sabina akafunga mlango akapiga kelele kutoka ndani, "Mama, sisi tuna karatasi zote!" Baadaye walimzoea, wakamwita Mama Ramani, na Dickson, fundi wa kuchomelea, akawa anamtania, "Mama, unapima tena? Tangu jana hatujasogea!" Naye akamjibu, "Wewe hujasogea, Dickson, ila geti lako limesogea mita nzima."

Kufikia mwaka 2019 alikuwa na majina ya nyumba mia moja na kumi na saba, ya walio hai na ya waliotangulia. Juu ya karakana ya Dickson na uwanja wa kuoshea magari ya watalii alichora duara la boma, ndani yake nyumba tisa, nane zikiwa na majina. Kwa ajili ya ile ya tisa, nyumba ya mumewe, alisafiri mara tatu hadi Enguserosambu, Agosti 2017, Julai 2019 na Septemba 2022, kwa shemeji yake, Mzee Supeet, aliyemtajia wazee wote wa boma kwa furaha, na kila mara wakafika pale pale, "Shemeji, hilo hapana." Jina shangazi alilijua kama alivyojua lake mwenyewe, lakini alisema si juu yake kulitoa. Ofisi ya mtaa ilimwomba ramani aitundike, akakataa kuikabidhi ikiwa na nyumba iliyo wazi.

Shinikizo la damu lilimwanza mwaka 2021, moyo ukachoka, akalazwa hapa Karatu kuanzia tarehe 22 Aprili hadi 9 Mei mwaka huu, na huko wodini alimwambia baba yangu, "Ramani ikibaki na nyumba wazi, mnizike nayo." Chumbani kwake tulikuta kiti kimoja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wafanyakazi wenzake wa zamani, wanajumuiya, mama Sabina kwa chai ya kila asubuhi, na Dickson aliyechomelea msalaba huu. Shangazi, umepima vya kutosha, sasa lala kwa amani.

Neno la mwisho si langu. Jana jioni, ramani ikiwa imeshakunjwa tayari kuwekwa jenezani, Mzee Supeet alifika kutoka Enguserosambu, akaomba ifunguliwe, akaiinamia, kisha akauliza ni nani aliyeishi na shemeji yake miaka yote hii. Baba akamjibu, "Hakuna, mzee. Alikaa peke yake."

"Nilimwambia shemeji kwamba ndugu yangu hakuacha mtu," Mzee akasema. "Mara tatu nilimwambia, akanywa chai, akashukuru, akaondoka. Kumbe alimwacha yeye."

Akaweka kidole kwenye nyumba ya tisa, akamwambia baba ashike kalamu, akasema, "Andika Parmuat."