Mwalimu Christa Mukamazimpaka, Aliyetufundisha Kuuliza Kwanza

Ndugu wa kanisa, majirani wa Mabanga, na nyinyi wanafunzi mliokuja na uniforme zenu: anayesoma hapa ni Julien, mdogo wa marehemu, dereva wa Fuso. Sauti ikinikatika, mnivumilie.

Mwalimu Christa alizaliwa Mushaki, katika milima ya Masisi, tarehe 14 Machi 1979. Alikuwa mtoto wa kwanza wa muzee Dieudonné, mfugaji wa ng'ombe, na mama Séraphine.

Alianza masomo huko huko Mushaki, akamalizia sekondari hapa Goma na kupata diplome d'État mwaka 1998. Muzee aliuza ng'ombe ili binti yake asome informatique, elimu ya kompyuta. Majirani walicheka: mutoto mwanamuke na mashini, wapi na wapi? Mwaka 2003 alirudi na cheti chake, na muzee akakitembeza kilima kizima.

Kuanzia 2005 alifundisha kwenye sekondari moja ya Mabanga. Kwa miaka mingi alichora klavie, zile herufi za kubonyeza, ubaoni kwa chaki, maana ordinatere, yaani kompyuta, hazikuwepo. Zilipopatikana, miaka michache iliyopita, zilipanda Fuso yangu. Siku hiyo mvua ilinilowesha mpaka mifupa, dada akanipa kitenge chake nijifunge, nikashusha mizigo hivyo mbele ya darasa zima. Walicheka mpaka kengele ikalia.

Simu zilipoingia mikononi mwa wanafunzi, aliona hatari kabla yetu. Binti mmoja aliacha shule kwa sababu mtu wa kwenye mtandao alimtishia kusambaza picha zake asipomtumia zingine. Dada alimfuata nyumbani, akaketi naye na mama yake. Aliwaambia wasitume kitu tena, wasifute ujumbe hata mmoja maana huo ni ushahidi. Akaongeza: “Aibu ni ya yule mutu, si ya huyu mutoto.” Binti alirudi darasani, akamaliza. Tangu hapo hakuna mwanafunzi aliyepita kwake bila kufundishwa hili: kabla ya kutuma picha, kodi ya siri ya simu au franga, piga simu, sikia sauti, uliza jambo ambalo mwizi hawezi kulijua.

Tarehe 19 Agosti 2006 alifunga ndoa na Bwana Barthélemy, mwalimu wa hesabu. Mungu akawapa Benny na Shukuru. Nyumbani pia hakulegeza. Fuso iliponiharibikia Minova, nilimwandikia kwa simu ya mtu nikiomba msaada. Alipiga akauliza: “Ng'ombe aliyekukanyaga muguu aliitwa nani?” Nina njaa, nina matope, naulizwa habari za ng'ombe. Nikajibu kwa hasira: “Bihogo.” Ndipo akanisaidia, na mahubiri juu yake.

Mwezi wa Februari 2025 figo zilianza kumsumbua. Aliugua kwa subira, ingawa wauguzi aliwagombeza kwa kuacha simu zao bila kufuli. Alituacha hapa Goma asubuhi ya siku ya posho, yaani Jumamosi, tarehe 8 Novemba 2025, mume wake akimshika mkono.

Siku hiyo hiyo, tukiwa kwenye kilio, simu yangu ililia. Alikuwa Asma, mwanafunzi wake wa darasa la mwisho. “Papa Julien, utusamehe. Siku ile ulituletea maordinatere, ulikuwa umevala nini?” Nilitaka kumkaripia. Lakini sauti yake ilikuwa inatetemeka, nami nikasema, wazee wote wakisikia: “Kitenge cha dada yangu.” Alilia. Kisha akaeleza: kwenye kikundi chao cha mtandaoni mtu ameweka picha ya marehemu na jina langu, anaomba michango ya kilio kwa namba ambayo hawaijui. “Mwalimu alituambiaka, hata kwa kilio, mutu aulize mbele ya kutuma.”

Ndugu zangu, mwizi alitaka kuwaibia watoto aliowafundisha dada, kwa picha yake, na mwili wake bado haujapoa. Asma alionya kikundi kizima, wakaishitaki ile akaunti. Hakuna hata mmoja aliyetuma. Nimeendesha gari miaka mingi, sijawahi kuona fahari kama ile.

Ameacha mume, watoto wawili, mama yetu Séraphine, mimi mdogo wake, na wanafunzi ambao mnawaona wenyewe.

Mungu akupokee, dada. Lala salama. Watoto waliuliza.