Ukuta Aliotuamuru Tuuvunje

Marehemu baba yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kama Fundi Timazi, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1957, kitinda mimba wa watoto saba. Mama yake alifariki yeye akiwa bado ananyonya, akalelewa na shangazi yake muuza mkaa.

Alisoma hadi darasa la saba. Shangazi alipopooza mkono, marehemu aliacha masomo akaenda kubeba zege, na huko ndiko alikojifunzia uashi. Jina la Timazi walimpa mafundi wenzake, kwa sababu hakuamini ukuta wowote kabla hajauteremshia timazi, ile kamba yenye uzito nchani, na kuupima. Hata alipokwenda kuposa, alitazama ukuta wa sebuleni kwa wakwe akasema umelala kidogo. Babu yetu akamjibu, “Kijana, umekuja kuoa au kukagua?”

Alioa hata hivyo. Ndoa ilifungwa kanisani tarehe 8 Desemba 1984, wakajaliwa watoto wawili: mimi ninayesoma na mdogo wangu wa kiume. Nyumba tuliyokulia aliijenga kwa mikono yake, chumba baada ya chumba.

Tarehe 3 Machi 2009 jukwaa lilivunjika kazini, naye akaanguka kutoka ghorofa ya pili. Tangu siku hiyo hakuhisi kitu kuanzia kiunoni kwenda chini. Sitawaficha: miaka ile ya mwanzo alikuwa mtu mchungu. Wazee wa kanisa walikuja na meza ya Bwana, akawageuzia kisogo. Mama alimwogesha, akamgeuza, akamfulia mashuka, huku akiimba kwa sauti ya chini ili asimkere.

Mama ndiye aliyetangulia. Mwaka 2016 alianguka uani akikamua shuka, wala hakuamka. Vidonda vya mgongoni mwa baba vilikuwa vimefika mfupani na daktari alikataza asiinuliwe, kwa hiyo tukaamua kumletea jeneza chumbani amuage mkewe. Likakwama kwenye kona ya korido. Tulilisukuma, tukaliinamisha, haikuwezekana. Baba alikuwa anasikia yote kitandani.

“Vunjeni ukuta,” akasema.

Fundi aliyewahi kuwa mwanafunzi wake alisita. “Mzee, huu uliujenga mwenyewe.”

“Ndiyo maana najua pa kupiga. Anzia kwenye kona ya dirisha.”

Wakavunja. Jeneza likazungushwa nje, likaingia katikati ya vumbi, baba akaweka kiganja kwenye paji la uso la mama, na hakuna aliyethubutu kumwambia atoe.

Baada ya mazishi mchungaji alikuja kumwombea uponyaji. Baba akamzuia. “Mchungaji, ombi hilo mmeliomba mpaka limechakaa. Niombee niridhike.” Mchungaji akamshika tu mkono.

Hakuridhika siku hiyo, wala mwaka huo. Kulikuwa na asubuhi nyingi alizolia kwanza ndipo akasali. Lakini alianza kushukuru, kidogo kidogo, kama mtu anayejifunza kula upya: shuka kavu, uji wa moto, sauti za watu wanaopita nje. Akaomba meza ya Bwana. Mwili haukupata nafuu hata kidogo. Nilimuuliza kama haoni kwamba Mungu amemwonea. Akasema, “Naona, na nimemwambia. Lakini nikimwacha, mwanangu, humu ndani nitabaki na nani?”

Oktoba iliyopita figo zake zilianza kushindwa. Maumivu yalikuwa makali kuliko dawa tulizopewa, na tuliyasikia nyumba nzima. Tarehe 2 Mei, asubuhi, nilikuwa namnywesha maji kwa kijiko. Akafumba mdomo, akanitazama kwa utulivu ambao sikuwa nao. “Imetosha, mwanangu.” Nilidhani anasema maji. Nilipogeuka kuweka kikombe mezani, alikuwa ameshaondoka.

Marehemu ameacha watoto wawili, wakwe wawili, wajukuu watano, dada yake mmoja aliyebaki, na mafundi wengi aliowafundisha kazi. Wanaosema tusilie kwa sababu aliridhika, watuvumilie. Aliyeridhika ni yeye, sisi bado. Bwana ampe usingizi usio na maumivu.