Udi Ulioletwa Mapema

Tangu alfajiri mmenikalia kitandani, "Bibi, tuachie neno," kama kwamba miaka yote nlipokuwa nasema mlikuwa mnanisikiliza. Haya, sikilizeni wanangu, na wewe Mashavu acha kunipepea, mimi si makaa.

Nyumba hii na mikarafuu ya Kidichi kadhi atagawa, sheria ishasema, asitokee mtu na kipimo chake. Kilichobaki ni huyu ndugu yangu Matar, aliyesimama mlangoni na chetezo cha udi mkononi, mnayemwamkia kwa nusu mdomo na kisa hamkijui.

Wakati wa vita vya pili vya Mjerumani nlikuwa mpishi kwa bwana mmoja mtaa wa Baghani, na Matar akihudumia wageni juu. Akaja mjumbe wa ufalme mmoja wa Arabuni, kwao mvua imekatika na mchele hauendi, na dada yetu Mwatima, huyu aliyenishika mguu, kaolewa huko huko. Bwana akamwandalia mjumbe karamu, akawaalika na wakubwa wawili, Mwingereza na Mmarekani. Mwingereza na Mmarekani vitani walikuwa kitu kimoja, lakini mbele ya mfalme yule walikuwa wake wenza, kila mmoja anataka chakula kipite mkononi mwake, kesho aitwe yeye mpenzi. Mwingereza alishasema yake kabla ya kula. Mmarekani, ambaye shehena yake ya mchele ilikwisha fika bandarini, sisi wenyewe tukila mhogo, angesema baada ya kahawa.

Basi mtu wa Mwingereza akamnong'oneza Matar, akamwahidi usimamizi wa gatini, na Matar kwa kupenda kofia ya usimamizi akapandisha chetezo kabla ya kahawa. Nlimwambia ngazini, "Matar, wageni hawajanywa."

Akanijibu, "Dada, wewe tazama chungu chako."

Nanyi mnajua, udi ukishapita mgeni hakai. Mjumbe akajifukiza ndevu, akashukuru, akaondoka akidhani mwenye nyumba kamfukuza kwa adabu, na asubuhi akapanda meli bila kumuaga yeyote. Wale wawili wakabaki kulaumiana nani kamuudhi mgeni, mchele ukiliwa na fukusi ghalani. Mchuma janga hula na wa kwao: huko Arabuni maziwa yakamkauka Mwatima, akamzika mwanawe, akarudi Unguja amekonda kama ufito. Matar alipomwona anashuka aliivua ile kofia, hajaivaa tena. Lakini Mwatima hajamwita kaka tangu siku hiyo, na mimi miaka yote nawapakulia sinia mbili katika nyumba moja, huyu ndani, huyu ukumbini, na wote wawili nawapenda, wajinga hawa.

Sasa nimechoka kupakua. Sinia kubwa ya shaba ni yako Mashavu, na ya pili isitoke tena kabatini. Mola awape riziki ya kushibisha, na ulimi mfupi kuliko wangu.

Niinueni kidogo... basi. Nikishaoshwa, sanda yangu afukize Matar, si mwengine. Na asiingie. Akae hapo hapo mlangoni na chetezo chake, makaa yakizimika ayawashe, mkono ukimuungua abadilishe mkono, mpaka Mwatima mwenyewe, kwa kinywa chake, amwambie, "Kaka, lete udi." Mwatima, usijilazimishe. Lakini mimi pia... usinicheleweshe sana, mama, maiti hangoji.

Matar, umeanza kuja? Rudi mlangoni, ndugu yangu. Kahawa yangu... sijainywa. Ngoja uitwe.