Jina la Uongo Kwenye Simu Yangu

Bwana asifiwe, mama zangu na dada zangu! Msinitazame kwa huruma, leo sijaja kulia. Nikicheka katikati mnivumilie.

Mnanijua, mimi ni fundi cherehani hapa Zinga. Mume wangu alikuwa Dodoma kwenye kazi za ujenzi, anarudi kila baada ya miezi mitatu. Mwaka jana akaja mteja, baba mmoja mstaarabu, analeta suruali ipunguzwe. Akasema, "Dada, wewe fundi kweli. Na umependeza." Ndugu zangu, nawaambia, maneno yale nililala nayo.

Ikaja suruali ya pili, ya tatu, mpaka nikajiuliza huyu mtu ana suruali ngapi! Zikaanza meseji. "Umeamkaje?" "Umekula?" Hakuna baya hapo, sivyo? Lakini kwenye simu nilimwandika "Mama Vitenge". Chekeni tu. Asiye na la kuficha hampi mwanaume jina la Mama Vitenge.

Niliomba, tena kwa kufunga: "Bwana, niondolee jaribu hili." Huku simu iko mkononi, naangalia kama amejibu.

Akanialika chakula cha mchana Jumamosi, hoteli moja ya ufukweni Bagamoyo mjini. Nikakubali. Alhamisi niko kwenye cherehani najishonea gauni jipya, akaingia jirani yangu, bibi mmoja Mwislamu, kufuata baibui lake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Gauni zuri hilo. Baba watoto anarudi?"

"Mpaka mwezi ujao, bibi."

"Sasa unampambia nani?"

Hakuuliza kwa ubaya. Lakini mguu uligoma kwenye pedali. Nikalia, nikamweleza yote, nikangoja anikemee. Akavuta kigoda, akakaa. "Mjukuu wangu, bado hujaenda popote. Mpigie mumeo. Mimi nipo hapa hapa."

Nikapiga. "Mume wangu, kuna mtu ananitaka, na mimi moyo umeanza kumfuata. Nisaidie."

Nasikia mashine ya zege tu inanguruma. Nikajua ndoa imekwisha. Kisha akasema, "Imeniuma. Lakini asante kwa kuniambia mwenyewe. Na mimi sikumbuki mara ya mwisho kukwambia umependeza."

Nikamwandikia yule baba kwamba siji na asinitafute tena. Nikafuta namba, bibi akitazama.

Jumamosi mchana, hodi! Mume wangu huyo, begi begani, saruji bado imeganda kwenye viatu! Tulizungumza mpaka jioni. Mengine yalikuwa machungu, tukalia, tukacheka. Sasa amepata kazi hapo Mapinga, wanakojenga kila kona, na kila siku anarudi kula nyumbani.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mume wangu aliyenisikiliza. Namshukuru na yule bibi, ambaye hadi leo hajamwambia mtu neno.

Wapendwa, kujaribiwa si dhambi. Hata Bwana wetu alijaribiwa kule nyikani. Jaribu langu lilipata nguvu kwa sababu nilikaa nalo peke yangu, nalifunika, nalilisha. Siku niliyolitamka mbele ya mtu, likanywea.

Kama kuna dada hapa ana lake, asiondoke nalo. Nitakuwa hapo nje baada ya ibada. Njoo tukae. Sitakushangaa.