Fundi Kipimo na Yunioni za Kaka Yake

Ndugu waombolezaji, familia imenituma mimi, binti yake wa kwanza, niwasomee maisha ya baba yetu, naye aliagiza yasomwe yote, hata mbele ya wale yatakaowachoma.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1958, mtoto wa pili na wa mwisho, akimfuata kaka yake, baba yetu mkubwa, aliyeketi hapa mbele. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1972, akasomea ufundi bomba, na tarehe 2 Februari 1977 akaajiriwa na kiwanda cha chumvi, ambako alikagua kila kifaa kabla hakijafungwa, wenzake wakambandika jina la Kipimo. Mwaka 1983 alimwoa mama yetu, wakajaliwa watoto watatu.

Tarehe 11 Machi 2009 baba mkubwa, aliyekuwa akiuza vifaa vya bomba, alileta kiwandani masanduku ya elbo na yunioni za stenlesi, viungio vya mabomba vya kukaza kwa meno, zimegongwa muhuri wa 316, daraja linalohimili maji ya chumvi. Marehemu akazidondoshea dawa ya kupimia, rangi haikugeuka, akajua ni 304, daraja la chini ambalo maji yale hulitoboa taratibu, akazikataa. Baba mkubwa akamfuata karakana, akafoka mbele ya watu, "Unamuumbua kaka yako kwa sababu ya vyuma?" Marehemu akajibu, "Vyuma hivi vitapita juu ya vichwa vya watu." Meneja akampuuza, akaamuru zifungwe kwenye mabomba.

Tarehe 20 Agosti 2010 yunioni moja kati ya hizo ilipasuka, maji ya chumvi yanayochemka yakamwagikia msaidizi wa marehemu usoni, akapofuka macho yote mawili. Kwenye kikao cha uchunguzi baba mkubwa aliapa kwamba vifaa vyake ni halali, kwamba mdogo wake alivikaza vibaya makusudi kwa wivu. Marehemu alifukuzwa kazi tarehe 3 Septemba, akaishia kutengeneza mabomba ya majumbani, huku mtaani akinyooshewa kidole, eti huyo ndiye aliyempofusha mwenzake.

Januari mwaka huu mapafu yalianza kumsumbua. Baba mkubwa alikuja wodini na matunda, akasema, "Mdogo wangu, tusameheane." Marehemu akamuuliza, "Yule asiyeona, umeshamwambia ukweli?" Baba mkubwa akaanza kuyapanga matunda mezani, marehemu akageukia ukutani, na hawakusemezana tena hadi alipokata roho, tarehe 17 Mei, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliokuwa wakimgeuza kitandani, na mafundi wenzake waliokuja ingawa kiwanda kiliwanyima ruhusa.

Msaidizi wake yuko hapa, safu ya tatu, ameshikwa mkono na mkewe. Baba mkubwa, hatukukatazi kutupa udongo kaburini, ila pita kwake kwanza, umwambie kwa mdomo wako. Jeneza halitanyanyuliwa kabla ya hapo.

Baba, wewe pumzika kwa amani, sisi tutasubiri.