Serveur ya Mama Kahindo inalala mapema

Ile miaka ya rebellion, mu camionnette ya Beni kwenda Butembo, fundi Muhindo alikuwa analalamikia Mama Kahindo, muuzaji wa bitenge. Alimuwekea serveur, mashini ya kupokea email, na mama anaizimaka kila magaribi.

"Barua za Dubai zinafika usiku, mama. Zinakuta umefunga."

"Couvre-feu, ile amri ya kutotembea usiku, ni ya bote, mwana yangu. Mwenye anatembea usiku, mimi simufungulie."

"Mais barua hapana mutu. Inapita hewani."

"Hata bombe inapitaka hewani."

Jua likazama gari ikiwa bado njiani.

Ku barrière yenye kufunga barabara, musoda mwenye bunduki akasimamisha gari. "Saa ya kutembea imepita. Mutalala hapa."

Mama Kahindo akatandika kitenge chini polepole. "Muhindo, uliza musoda kama barua yako ilipita."