Verna Cutler na Mkono Ulioonyesha Kilima

Tarehe 30 Juni mwaka huu, saa kumi jioni, Bi Verna Cutler atakabidhi funguo za stoo ya kanda na kustaafu rasmi kutoka Kituo cha Sauti na Picha cha Kite Creek, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Funguo zitakuwa tatu. Ya nne ilipotea mwaka 2009, na mpaka leo anashikilia kwamba tuliipoteza sisi.

Alizaliwa kambini kwenye ranchi ya Hartog, ambako mama yake alikuwa mpishi wa nyumba kubwa. Alifua mashuka ya hospitali miaka tisa kabla ya kuajiriwa hapa mwaka 1991, tena kama mfagiaji. Wiki ya pili alikuta fundi wa sauti anahangaika na waya wa maikrofoni, akaweka ufagio chini, akauunga ule waya. Meneja wa wakati ule alimuuliza kama anajua kushika kamera. Akasema hajui, lakini ameona watu wasiojua wakiishika, na wanalipwa. Tangu siku hiyo ufagio ulipata mwenyewe mwingine.

Amerekodi simulizi mia nne na kumi na mbili za wazee wetu: mambo ya ng'ombe, ya misheni, ya watoto wetu waliochukuliwa na serikali kwa nguvu, na yale mauaji ambayo wazee waliyasema kwa sauti ya chini hata pale ambapo hapakuwa na wa kuwasikia. Amepata tuzo mbili za taifa. Moja iko ukutani. Ya pili ni nzito kidogo, kwa hiyo anaitumia kuzuia mlango wa stoo usijifunge.

Mimi aliniajiri mwaka 2001 nikiwa sijui hata kukata picha mbili na kuziunga. Ni shangazi yangu upande wa baba, na kama kuna anayedhani ujamaa ulinirahisishia kazi, aulize ni mara ngapi nilirudishiwa kazi yangu ikiwa na karatasi iliyoandikwa neno moja: "Rudia."

Wageni wote wa kituo hiki huuliza kwa nini kila jalada la kanda katika stoo yetu limeandikwa maneno kama "uso kaskazini" au "uso machweo". Sisi wenyewe tulimtania sana kwa hilo. Chanzo chake ni mwaka 1993, alipomketisha mzee mmoja mahali penye mwanga mzuri ili uso wake upendeze. Mzee alisimulia saa nzima, na kila alipotaja mahali aliunyoosha mkono nyuma, nje ya picha, kwa sababu nchi yake yote ilikuwa mgongoni. Walipomaliza alimwambia, "Mwanangu, umenikalisha kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Utajuaje nilikuwa naonyesha wapi?"

Mkono wa wazee wetu haudanganyi. Mzee akikwambia mto, anauonyesha mto pale ulipo hasa, hata akiwa ndani ya nyumba mjini, kilomita mia tano mbali. Kwa hiyo Verna aliacha kuhangaika na mwanga. Alimwacha msimulizi achague pa kuelekea, kisha akaandika kwenye jalada. Alifanya hivyo kila mara, isipokuwa mara moja.

Kabla sijafika huko, lazima nimtaje Cyril, dereva wetu. Cyril alimwoa Marjorie, binti wa Verna, mwaka 1996, na mwaka uliofuata akaja kuendesha gari la kituo. Kwa desturi yetu mkwe na mama mkwe hawasemezani wala hawatazamani, na hawa wawili hawajavunja heshima hiyo hata siku moja katika miaka ishirini na mitano ya kusafiri gari moja. Yeye mbele, mama mkwe kiti cha nyuma kabisa akitazama dirishani, na katikati mtu wa kupeleka maneno. Kwa muda mrefu mtu huyo nimekuwa mimi. Nimepeleka maagizo ya kona, ya mafuta, na mara moja malalamiko marefu kuhusu nyama ya kopo, huku wote wawili wakisikia kila kitu na kujifanya hawasikii.

Mwaka 1998, kabla sijaja, walikwenda kumwona baba yake mwenzetu Glennis Rattigan kwenye kambi ya zamani ya Hartog. Jina la mzee huyo, ambaye sasa ni marehemu, familia bado haijalirudisha mdomoni, kwa desturi yetu, nami sitaliandika. Walikuwa wamekwenda kumpelekea unga na majani ya chai tu. Mawingu yalikuwa yametanda, jua halionekani. Wakiwa wanakunywa chai, mzee alianza kusema habari za mwaka 1922 bila kuombwa, na Verna akainyakua kamera.

Mzee alisema waliuawa watu kumi na mmoja kwa sababu ya ng'ombe mmoja aliyechomwa mkuki. Alitaja jina la kila mmoja. Alisema polisi na watu wa ranchi waliwafunga minyororo shingoni, wakawabebesha kuni, wakawapeleka "pale, kwenye kilima cha mawe meupe", na mkono wake ukanyooka kuelekea upande wa kulia wa picha. Kuni walizobeba zilikuwa za kuwachomea wao wenyewe. Mama yake, wakati huo msichana mdogo, alijificha kwenye matete mtoni, tope mpaka puani, akasikia yote. Mmoja wa wale kumi na mmoja alikuwa mama wa bibi yake Verna. Verna hakuwa analijua hilo mpaka jina lilipotajwa mbele ya kamera yake. Walilia wote wawili, yeye na mzee, na siku hiyo jalada la kanda halikuandikwa kitu.

Mzee alifariki mwaka 2003. Familia ilifunga sauti na sura yake, kama ilivyo desturi, na kanda ikakaa stoo nyuma ya kufuli. Katika miaka hiyo walikuja watengeneza filamu wawili kutoka mjini, mmoja akiwa na barua nzito yenye mhuri, wakitaka kuiona angalau dakika tano. Verna aliwapa chai. Kanda hawakuiona.

Mambo yaligeuka mwaka 2016. Kampuni moja ya madini ilitaka kujenga barabara ya malori ipite nchi ile, na ofisi ya mjini inayoshughulikia mambo hayo ikatuandikia: kama kuna mahali pa mauaji, tuwaoneshe, barabara itapakwepa. Glennis alikaa na ndugu zake siku tatu. Kisha alikuja kituoni, akamwambia Verna, "Mfungulie baba. Ana kazi ya kufanya." Nakala ilipelekwa mjini. Wataalamu waliitazama, wakatazama na ramani, ambayo ina vilima viwili vya mawe meupe, kimoja mashariki ya kambi na kimoja magharibi. Mto uko kusini. Waliona mzee lazima alikuwa ameketi akiutazama mto, kwa kuwa nani hapendi kutazama mto, kwa hiyo mkono ule ulionyesha mashariki. Jumatano moja tukapata barua ya shukrani. Barabara ilikuwa imehamishiwa magharibi. Tingatinga zingeanza Jumatatu.

Sote tulishangilia isipokuwa shangazi. Alisoma ile barua mara mbili, akasema kilima cha mashariki tumekuwa tukienda kurina asali tangu utotoni, na hakuna mzee aliyewahi kutukataza. Cha magharibi hakuna aliyewahi kutupeleka. Kisha akaenda stoo. Nilimkuta ameketi sakafuni na lile jalada jeupe mkononi. Sijawahi kumwona hivyo, wala sitaki tena. Alisema, "Nimewaandikia upande watu mia nne. Mama wa bibi yangu sikumwandikia."

Alhamisi nzima tuliitazama kanda ile. Hakuna kivuli. Nyuma ya mzee kuna vichaka, ambavyo huko viko kila upande, na mkia wa gari letu la zamani lenye tairi la akiba mlangoni. Basi. Shangazi mwenyewe, kwa machozi ya siku ile, hakukumbuka upande. Tulimpigia simu kila aliyewahi kuishi kambi ile. Hakuna aliyetukumbusha kwamba siku ile mzee na Verna hawakuwa peke yao, na sababu yake mnaijua. Cyril akiwa karibu na mama mkwe huhesabiwa hayupo. Ndivyo tulivyolelewa, tukalelewa vizuri mno mpaka tukamsahau kweli. Naye hakuingia chumbani tulimokuwa kwa sababu shangazi alikuwemo.

Ijumaa asubuhi nilitoka nje kuvuta pumzi, nikamkuta anafuta kioo. Nikamlalamikia tu, kama mtu anavyomlalamikia shemeji. Akaacha kufuta. Akaja mpaka kando ya mlango wa stoo, akageuza mgongo, akaongea na ukuta.

"Shemeji, mwambie huyo mama gari lile mwaka ule halikuwa na stata. Nililiegesha pua mtoni kila siku, kwenye mteremko, lipate kuwaka kwa kuserereka. Au angelisukuma yeye?"

Shangazi alikuwa ndani ya stoo, hatua tatu kutoka pale, na amesikia kila neno. Alisubiri nimfikishie, kama inavyostahili. Kisha akasema, "Muulize kama ana hakika."

"Mwambie nilikaa mbele ya gari saa mbili nzima, natazama maji, ili nisimwone. Mto wenyewe naujua kuliko mke wangu."

Basi kama pua ilikuwa mtoni na sisi tunaona mkia, kamera ilikuwa inatazama mto, na mzee alikuwa ameupa mto mgongo. Kulia mwa picha ni magharibi. Tulimpigia Glennis kabla hata ya kuketi. Akasema baba yake hakuwahi kukaa akiutazama mto ule maisha yake yote, kwa ajili ya mama yake na yale matete. Hakusema mapema kwa sababu hakuna aliyemuuliza.

Barua ambayo Verna aliiandikia ofisi mchana ule ninayo nakala yake, na naomba aniwie radhi kwa kuitoa hadharani. Ina maelezo ya Cyril, maelezo ya Glennis, na picha moja ya mkia wa gari. Mwishoni kuna mistari miwili: "Kosa la kutoandika ni langu, si la mzee. Mkono wake haukukosea." Mtu aliyekuwa amebakiza miaka sita kustaafu na tuzo mbili za taifa angeweza kulaumu ramani. Wengine tungelaumu mawingu.

Tingatinga zilisimamishwa Jumapili jioni. Jumatano mtaalamu wa mambo ya kale alikuja, tukaenda naye kilima cha magharibi: Glennis, Verna na kamera yake, mimi nikirekodi sauti, na Cyril nyuma kabisa kwa umbali wa heshima. Glennis alitangulia akiwaita marehemu, wenyeji wa pale, kwa sauti, kuwaambia ni nani anakuja na mtoto wa nani, kama inavyofanywa mtu anapoingia nchi ya wazee wake. Chini ya mawe meupe tulikuta ardhi iliyoungua ikawa ngumu, maganda ya risasi kumi na saba, na vipande vidogo vya mifupa ambavyo havikuguswa na mtu.

Wakati huo Glennis alimgeukia Verna na kumwambia ni zamu yake. Shangazi yangu kwa miaka yote hajawahi kukubali kuonekana wala kusikika katika kazi yake mwenyewe. Aliweka kamera chini bila kuizima. Picha tuliyonayo ni nyasi na ukingo wa sketi yake ya buluu, lakini sauti iko wazi. Alijitaja jina, la mama yake, la bibi yake, na la mama wa bibi yake. Kisha akasema, "Tumechelewa sana. Lakini barabara haitawapitia juu."

Kipande kile nilitaka kukikata, kwa sababu hakionyeshi kitu. Alinirudishia na karatasi yenye neno lile lile. Kimo ndani ya filamu tuliyoitengeneza kuhusu kilima kile, chote, dakika moja na nusu ya nyasi, na filamu ilipooneshwa kwenye ukuta wa kituo hiki mbele ya watu mia tatu, hapo ndipo watu walipovua kofia. Majina kumi na moja yalisomwa na mzee mwenyewe. Watoto wa Kite Creek sasa wanayajua kwa moyo.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, wa sasa na waliotangulia, asante, Shangazi Verna. Asante kwa ukali, kwa chai, na kwa kutufundisha kwamba kuandika jambo dogo ni sehemu ya kuwaheshimu watu. Cyril ameniomba nimfikishie mama mkwe salamu zake za heri, nami nazifikisha hapa, kwa mara ya mwisho kikazi. Tunakuombea afya, samaki wengi, na kiti chenye kivuli uelekee unakotaka mwenyewe.

Barabara ile ya malori inakwenda nyoofu kilomita tisini, na mahali pamoja tu inazunguka kilomita nne nzima. Madereva hulalamika redioni kwamba kona ile haina maana, hakuna mto wala mwamba wa kukwepa. Sasa una nafasi ya kutosha, Shangazi. Wapigie simu uwaambie kuna watu kumi na mmoja wanaoishi hapo.

Rhonda Pascoe, mhariri wa picha